Akiba Iliyooza

Kijiji cha Ujamaa Kasenyi,
karibu na Nyamirembe,
Wilaya ya Biharamulo,
Mkoa wa Ziwa Magharibi.

17 Juni, 1979.

Mpendwa mdogo wangu Protasi,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitamka. Marahaba, mdogo wangu. U hali gani huko Uganda? Ule mguu uliosema umevimba kwa ajili ya viatu umepona? Redio ya kijiji imetangaza kwamba vita imekwisha, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wa Petronila akakata kamba. Mimi sikupiga. Utaelewa ukiendelea kusoma.

Kila barua niliyokuandikia ilianza kwa kusema sisi huku ni wazima. Leo siwezi. Kaa chini, Protasi, na kama Privatus aliyekuletea barua hii bado yuko hapo, mwambie asiondoke.

Mkeo Dafroza ametutoka. Alifariki Jumanne ya tarehe tano, ziwani, ndani ya boti ya kijiji, akijifungua. Tumemzika pembeni mwa migomba ya mama. Mtoto yu hai, ni wa kiume. Ananyonyeshwa na Petronila pamoja na mwanawe, na ananyonya kwa hasira kama marehemu baba alivyokuwa akila ugali. Pole, mdogo wangu. Pole sana. Wifi yangu nilimpenda, hata siku zile tulipogombana juu ya vyungu. Nimelia mpaka sauti imekauka, lakini bado nina jambo la kukueleza, na haliwezi kungoja.

Uchungu ulimshika alfajiri. Mkunga akaona mtoto amekaa vibaya, akasema ni hospitali tu. Gari hakuna, malori yote unajua yalikokwenda, wewe mwenyewe ulipanda mojawapo. Ikabaki boti, kuvuka ghuba. Bizimana, aliyekuwa msaidizi wako, akaitwa kuishika mashine. Mwenyekiti Felisiani akafungua ghala akatoa lile dumu la petroli uliloliacha Novemba.

Unakumbuka ulivyoagiza: hii ni ya mgonjwa tu, mtu asiiguse. Basi hatukuigusa. Vijana waliitaka ili waende visiwani kununua dagaa, tukawafukuza, na mimi nilikuwa mbele na mwiko mkononi. Sisi ni watu wa Runazi, Protasi. Walituhamishia huku ziwani pamoja na majembe yetu na akili zetu za shambani. Maharage ya mbegu tunayachanganya na majivu, tunayafunga vizuri, na msimu ukifika yanaota. Petroli tuliitunza vivyo hivyo. Kila mkutano Felisiani alitukumbusha kwamba akiba haiozi, nasi tukampigia makofi.

Kumbe inaoza. Kifuniko kilipofunguliwa nilisikia harufu kali ya ajabu, kama rangi iliyopakwa milango ya shule. Bizimana aliinusa, akanitazama. "Mama, mbona hii siyo harufu yake?" Lakini nyingine hatukuwa nayo, na Dafroza alikuwa amejiuma mkono ili asipige kelele.

Mashine iliwaka baada ya kuvutwa kamba sana. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikatuvusha matete mpaka tukaona bati la hospitali kwa mbali. Pale ikazima. Bizimana akatoa plagi, akaifuta, akairudisha. Wapi! Akafungua kabureta, nikaona ndani uchafu wa kahawia unaonata kama ulimbo wa kunasia ndege. Akaukwangua kwa pini ya kitambaa changu, akapuliza kwa mdomo mpaka midomo ikababuka. Ikawaka kidogo, ikafa kabisa.

Ndipo akashika kafi. Upepo ulikuwa unatupiga usoni, boti ile ni nzito, na kafi lilikuwa moja. Alipiga maji mpaka viganja vikachunika. Nilipomwambia mtoto anatoka, alitugeuzia mgongo kwa heshima, akavua shati lake akalirusha nyuma bila kutazama, ili nimfunike mtoto. Kisha akaendelea kupiga kafi. Damu ya Dafroza haikukata. Alikutaja. Alisema, "Mwambieni Protasi nilimngoja." Tulipofika ng'ambo manesi walimpokea mtoto peke yake.

Sasa nisikilize. Felisiani anasema petroli ilikuwa nzima kwa sababu ufunguo aliulinda yeye. Anasema Bizimana aliiba nzuri akajaza takataka. Tena anamwita mkimbizi, mtu wa kuja, nani ajuaye anamtumikia nani. Miaka yote hii tumelima naye shamba moja na kuzika naye, leo ndiyo amekuwa mtu wa kuja! Wamemfungia katika ghala lile lile. Wanataka kumpeleka wilayani kama mhujumu wakati wa vita, na aliyeondoka na jina hilo usitegemee kumwona upesi.

Nilisimama mkutanoni nikaeleza habari ya harufu na ule ulimbo. Wakaniuliza mwanamke anajua nini juu ya mashine. Nilimjibu Felisiani maneno ambayo padre akiyasikia ataninyima komunyo, lakini hayakusaidia kitu.

Aliyewazuia ni mama. Akainuka na fimbo yake, akawaambia, "Mwenye msiba hajasema. Mtaamuaje kifo cha mke wa mtu, naye yuko vitani anawapigania ninyi?" Wazee wakainamisha vichwa, maana ndivyo ilivyo kwetu, mwenye msiba ndiye mwenye neno la mwisho. Basi wanangoja neno lako.

Nawe unajua, Protasi. Kila ulipoipumzisha boti ulikuwa unamimina tangi lote, unaiacha mashine ingurume mpaka kabureta ikauke. Petroli ya zamani ulikuwa unaimwaga kwenye siafu. Nilikuuliza mbona unamwaga mali ya kijiji, ukanicheka, ukasema petroli ikilala sana hufa yenyewe, nami nikadhani ni mzaha wako. Siku lori la mgambo lilipokuja hukupata nafasi hata ya kunawa mikono, na ulituahidi kwamba Krismasi utakuwa nyumbani. Hakuna aliyejua itakuwa hivi.

Sikuambii haya ili kukuchoma. Katika kijiji hiki watakayemwamini juu ya mashine ile ni wewe tu. Lakini ukisema kweli, utakuwa umesema pia kwamba ile petroli uliiacha wewe, na amri ya kuitunza ilikuwa yako. Ukinyamaza, hakuna atakayekulaumu, na Bizimana ataondoka. Najua uzito wa ninachokuomba. Nimetafuta njia nyingine, sikuiona.

Privatus anarudi kambini kesho, ndiyo maana naandika haraka na mwandiko wangu unayumba. Andika kwa mkono wako mwenyewe, umpe askari yeyote anayekuja huku. Utie na jina la mtoto. Mama hataki apewe jina na mtu mwingine, kwa hiyo tunamwita "wewe" tu.

Mama anakusalimu, anasema ule chakula hata kama hakishuki. Shemeji yako Anatoli anakupa pole, na Petronila vilevile, anasema usihofu, maziwa anayo ya kuwatosha wawili. Nyirabahizi, mke wa Bizimana, hajatuma salamu. Kila asubuhi hupita hapa akimpelekea mumewe uji ghalani. Husimama mlangoni, hutazama mtoto aliyefungwa katika shati la mumewe, kisha huenda zake. Hajaliomba, na mimi sijaweza kulirudisha.

Mungu akufute machozi, na mkono wako auimarishe siku utakapoandika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kama baada ya barua hii utanichukia,

Zita.