Duara Lililokaliwa

Dada yangu mpendwa,

Salamu zikufikie wewe, Shemeji na wapwa zangu, na Mama kabla yenu nyote. Natumaini kifua cha Shemeji kimetulia na paa halivuji tena. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, ambao siku hizi unaamka baada yangu. Ningeweza kupiga simu, lakini ndani ya bahasha hii kuna kitu nataka Mama akishike kwa mikono yake. Soma kwanza mpaka mwisho, ndipo umpe.

Uliponiambia kwamba Mama anashinda mlangoni akiomba arudishwe jikoni kwake, moyo uliniuma. Jiko lile lilikwenda na greda siku barabara ilipopanuliwa, na hakuna aliyewahi kulipiga picha. Nani anapiga picha jiko? Nikasema nitamchorea. Ulicheka, na una haki, maana kuku niliyemchora shuleni, watu walidhani ni birika.

Sasa hapa ghalani yuko mama mmoja tunayemwita Mama Rangi. Kazi yake ni kupaka mistari ya njia sakafuni na kuchora alama kwenye masanduku ya mbao: mshale wa juu, mwavuli, glasi ya vitu vya kuvunjika. Dada, ungemwona! Hana rula. Anatazama mahali mstari utakapoishia, si mahali brashi ilipo, kisha mkono wote unaondoka kuanzia begani, na mstari umeshafika. Sisi makuli tunatua mizigo kumtazama. Siku moja nilimuuliza kwa nini mdomo wa glasi yake umebinywa wakati glasi ni ya mviringo. Akaniambia nichore ya kwangu. Nikachora mdomo wa mviringo kabisa na kitako kilichonyooka kama ukingo wa meza. Alicheka mpaka akakaa chini. Alisema glasi yangu inatazamwa na watu wawili, mmoja yuko darini, mwingine kalala sakafuni, na bado hawajasalimiana.

Tangu hapo mapumziko ya mchana ni shule, na vipande vya maboksi yaliyochanika ndiyo daftari. Tulianza na mistari mitupu: unaweka nukta mbili, unapitisha mkono hewani kwanza, ndipo unagusa. Mimi nilikuwa nachora kwa kifundo cha mkono, mistari ikatoka imepinda kama mbavu. Yakafuata maduara yaliyobinywa. Yeye huyaita maduara yaliyokaliwa, kwa sababu, anasema, ni duara la kawaida ila mtu mnene amelikalia. Nasikia shuleni yana jina lao la heshima, lakini mimi niliondoka kabla halijafika. Nilikuwa nayachonga ncha kama jicho, akanikemea kwamba duara halina kona hata likikaliwa. Halafu masanduku. Hapo aliniuliza mbele za watu inakuwaje mtu abebe sanduku mgongoni mwaka mzima asijue sura yake. Nikamjibu kwamba mgongo hauna macho. Wote wakaangua kicheko, naye akakata penseli yake katikati akanipa nusu.

Kinachonishangaza zaidi ni hiki: kila asubuhi kabla ya kazi anajaza ubao mzima kwa mistari, maduara na masanduku, kisha anafuta vyote. Mtu aliyechora maisha yake yote, na bado anaanza kama mimi!

Nilipodhani nimeiva, nikachora jiko. Chumba ni sanduku lililofunguliwa upande mmoja, rafu ni mistari, sufuria na ndoo ni maduara yaliyokaliwa. Nikampelekea kwa majivuno. Safari hii hakucheka. Aliuliza aliyechora alikuwa amekaa sakafuni au vipi, maana rafu zinaonekana kwa chini, na hakuna sufuria hata moja inayoonyesha ndani. Akanieleza kwamba duara hufunguka kadiri jicho linavyopanda juu yake. Dada, nikautazama mchoro upya. Nilikuwa nimelichora jiko kama nilivyoliona utotoni, nimekaa kando ya kigoda, natazama juu. Mama asingelijua jiko hilo. Hajawahi kuliona.

Nikaanza tena, kutoka pale alipokuwa akisimama Mama. Nilikumbuka kichwa chake kilivyokuwa kikiziba kioo cha juu cha dirisha, nikapata kimo cha macho yake, nikamwinamisha kidogo kwa sababu ya moto. Duara moja baada ya jingine likafunguka. Mama Rangi alinirudisha tena na tena, mpaka siku aliposema kwamba sasa mtu mzima anapika humu.

Kuna jambo sikukuambia. Ile siku ulipomwachia Mama simu ukatoka kuanua nguo, aliniuliza mimi ni fundi gani. Nikamwambia ni mwanawe wa mwisho. Akasema sawa fundi, lakini paa linavuja, utakuja lini? Nikamjibu nitakuja. Ndiyo maana kila mara nakuuliza habari za paa.

Mpe mchoro mchana, karibu na dirisha, akiwa ametulia. Usimwambie umetoka kwa nani. Ndani ya sufuria kubwa nimeacha peupe, kwa sababu sijui yeye alikuwa akiona nini mle. Akitaka penseli, mpe. Na chini kushoto, kando ya kigoda, kuna duara dogo lililokaliwa ambalo si chombo. Huo ni utosi wa mtoto, unavyoonekana kwa mtu aliyesimama jikoni. Muulize tu huyo ni nani. Akisema ni sufuria, usimsahihishe. Niandikie, nitachora tena niongeze masikio.

Msalimie Shemeji, wabane wapwa zangu mashavu, na Mama umshike mkono kwa ajili yangu.

Ni mimi nduguyo,
Kitindamimba, au fundi wa paa, vyovyote Mama atakavyosema.