Tumekuacha Upumzike

Kaka Patroba,

Karibuni nyumbani, wewe na wifi. Leo nimeendesha gari kutoka Houston hadi hapa Arlington kukumwagilia maua kama ulivyoomba. Joto limeyababua kidogo. Kwenye friji nimewawekea maziwa na mayai.

Picha zenu za Malta tuliziona. Mama alizitazama sana akiwa kitandani kwangu, akasema umenenepa. Akaniomba nikupigie. Nikamkumbusha ulivyoagiza kabla ya kusafiri: hata nyumba ikiungua tuizime wenyewe, wewe umechoka, unataka kusikia bahari tu. Jumatano akaniomba tena, na Alhamisi akafa.

Tumemzika Jumamosi, hukohuko Houston. Udongo wa kwanza, ambao ni wa kifungua mimba, aliutupa Bisimwa, jirani yangu Mkongomani, na alilia vizuri sana. Ningeweza kukupigia. Simu ilikuwa mkononi mwangu, naangalia picha yako ukila pweza.

Mchungaji aliniuliza marehemu ameacha watoto wangapi. Nilimjibu bila kusita.

Kwa hiyo usijisumbue kuja Houston. Endelea kupumzika.

Ni mimi, mtoto wake wa pekee,
Immaculate