Cherehani Ilinyamaza

Wanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipasheni moto tu. Nimeenda hospitali kupimwa moyo.

~~Baba yenu msimwambie.~~ Mwambieni, ila akishakula. Si mnamjua.

Asubuhi nilidhani cherehani inagonga. Nikaitia mafuta, nikakaza mkanda, wapi! Nikatoa mguu kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza, na kule kugonga kukaendelea kifuani mwangu, mara mbio, mara kimya.

Nikamwita jirani yetu muuguzi. Alikuja na utani wake, akanishika mkono, akauliza: presha? Ninayo. Kwenu kuna aliyewahi kupooza? Bibi yenu, na dada yangu pia. Utani ukamwisha. Anasema moyo ukienda ovyo hivi, damu inaweza kuganda ikapanda kichwani, na kwa mtu kama mimi hatari ni kubwa zaidi. Nisingoje kesho.

Kifungua mimba wangu, gauni la bibi harusi limebaki pindo. ~~Nitalimaliza jioni.~~ Kaa wewe kwenye kiti changu ulimalize. Na kwa kuwa wewe ni damu yetu, ukisikia kugonga, usikimbilie mafuta. Toa mguu kwanza, usikilize.

Mama yenu