Jina Katika Kaye za Wanafunzi

Buleusa

Mama mupenzi,

Nakusalimia kwa heshima. Magoti yako inaendelea namna gani na baridi ya Lushebere? Na maharagwe, mulivuna mbele mvua iharibu? Mimi mwili iko muzima. Lakini iko neno nilikuficha.

Unakumbuka Bahati, mwalimu mwenzangu, ule alikuja kwetu kwa mazishi ya Papa. Simu yake iliharibika, njo biro, ofisi ya masomo, ikatuma ujumbe kwangu: sisi wawili twende kufanya mutihani wa kazi ya prefe, mukubwa wa shule. Niliusoma, nikanyamaza. Nilienda peke yangu, nikapata kazi, na wewe ulipiga vigelegele kwa simu. Bahati aliposikia, akashika njia ya kwenda kuuliza biro mbona yeye hakuitwa. Mvua ilikuwa imenyesha sana. Daraja ya miti ikakatika naye, mto ukamubeba. Watu wakanipa pole ya kupoteza rafiki.

Wiki iliyopita nilifundisha darasa la mwisho namna muntu wa mchezo wa kuigiza wa huzuni anavyojifunua akisema peke yake. Mufano niliutunga mwenyewe: muntu aliyeacha ndugu yake apotee katika ukungu ili yeye akalie kiti ya mwami, mutawala wa inchi. Nikawasomea, wakaandika dikte, neno kwa neno nilivyosoma. Kisha nikauliza wameona nini. Walisema anarudilia "sikumusukuma" mara tatu, anamuuliza maswali muntu asiyekuwapo, na kiti anakiita "kiti yangu" hata mbele ya kukikalia. Furaha, musichana wa karibu na dirisha, akasimama.

"Prefe, hakuna muntu alimushitaki. Mbona anajitetea?"

Nilimujibu kwamba njo vile kosa inatoka yenyewe. Sauti yangu niliyoisikia ilikuwa kama ya muntu mwingine. Inje ukungu ulikuwa umeshuka, hata kilima hatukukiona tena.

Nikakusanya kaye, madaftari yao, kusahihisha. Mahali pa "ndugu yangu", kaye ya kwanza ilikuwa na "Bahati". Ya pili vilevile. Zote, Mama, kwa miandiko mbalimbali: *Bahati, sikumusukuma.* Karatasi yangu inasema "ndugu yangu". Nilimuita Furaha. Akaniambia polepole kwamba wote walisikia vizuri, hata jina nililitaja herufi kwa herufi wasikosee. Mimi sikumbuki.

Nikaenda kwa Mama Neema, mujane wa Bahati. Alikuwa anamenya mihogo. Nilianza mbali: nikasema juu ya mvua, juu ya njia mbaya, juu ya ujumbe unaochelewa. Akaweka kisu chini.

"Prefe, hapa si darasani. Useme wazi."

Nikasema ujumbe ulifika, nikauficha. Akaita watoto wake wote, wakakaa, akaniambia niseme tena. Nikasema tena. Hakuna aliyelia. Mama Neema akaokota kisu, akaendelea kumenya, na mimi nikabaki nimesimama pale. Hakuna aliyeniambia nikae ao niende.

Barua ya kuacha kazi imefika biro. Nitabaki hapa mpaka jamaa ya Bahati waseme wanataka nini kwangu.

Unisalimie dada mukubwa na shemeji, na baba mudogo anayechunga ng'ombe kule Burungu. Wakiuliza prefe wao iko namna gani, uwasomee barua hii yote. Usiruke mustari.

Mutoto wako,
Amani