Mfuko wa Takataka Mezani kwa Baba Mdogo

Jumapili, jioni. Joto, hakuna hata wingu.

Nina hasira mpaka vidole vinakosea herufi.

Nilikwenda kupumzika. Bhoke, muuguzi mwenzangu, ndiye aliyenialika: kuna bustani mpya kando ya Mto Mara, upande wa Kerende, ina bembea, vivuli na nyama choma. Tangu nihamishiwe Tarime kutoka Tanga, sijawahi kumaliza siku ya mapumziko bila kuitwa wodini. Nikavaa gauni zuri.

Baba mdogo wa Bhoke alikuwa pale na wenzake, meza imejaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akanikatia nyama. Kisha akakusanya mifupa, chupa na pampasi ya mjukuu wake kwenye mfuko, akautupa mtoni huku akiendelea na stori zake.

Hatua chache chini ya hapo, wanawake walikuwa wanachota maji.

Wiki nzima nimetundika dripu kwa watoto wanaoharisha.

"Baba, watu wanakunywa yale maji," nilisema.

"Mto unaondoka nayo," akajibu, wenzake wakacheka. "Wewe mgeni umeletwa kuchoma sindano. Kula nyama."

Mfuko ulikuwa umenasa kwenye matete. Nikavua viatu nikaingia, maji magotini, mlinzi akipiga kelele kwamba kuna mamba. Nikautoa, nikarudi nao unachuruzika, nikauweka juu ya sinia la nyama.

Hilo sijutii.

Mzee akasimama, akanitukana kwa Kikurya. Mlinzi akanishika mkono kunitoa nje. Mimi! Nikamwangalia Bhoke aseme neno. Alikuwa ameinama, anafuta meza.

Ndipo nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye bembea: "Watu wa huku wote ndivyo mlivyo. Wachafu."

Bhoke aliinua uso.

Huyu ndiye aliyenipokea stendi nilipofika simjui mtu. Nililala kwake Nyamisangura mwezi mzima.

Amenitumia ujumbe mmoja tu: "Baba mdogo ningemsema mwenyewe nyumbani. Na mimi ni mchafu?"

Nimeandika jibu mara nne, nimefuta mara nne. Kila mara naanza na pampasi, na mto, na mlinzi. Yote ni kweli. Hakuna hata moja linalojibu alichouliza.

Asubuhi tuko zamu moja. Nitamwomba msamaha mbele ya wauguzi wote, maana mbele ya watu ndipo nilipomtukana. Mzee simwombi kitu. Na Bhoke akikataa kuniitikia, nitafunga mdomo wangu na kufanya kazi pembeni yake mpaka zamu iishe.