Aya ya Saba ya Kiapo Changu

Jumanne, Agosti 2021. Liverpool, Sydney.

Baridi kavu tangu asubuhi, na helikopta ya polisi wanaosimamia karantini ya korona inazunguka juu ya mtaa wetu utadhani sote tumetoroka jela. Ghalani Smithfield, ninakofanya kazi, sikwenda. Nimewadanganya kwamba kichwa kinauma, na sasa kinauma kweli.

Rufaa ya Hamidi inasikilizwa keshokutwa huko India, kwa video. Mdogo wangu alikwenda kusoma ufamasia, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kumuua Salumu, Mzanzibari aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja. Mwenyewe anasema alirudi akamkuta ameshakufa sakafuni, akamtendea kama tunavyowatendea maiti wetu: akamfumba macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa, akamlaza kuelekea kibla. Ndipo akaita watu. Mwendesha mashtaka akasema kitambaa kile ndicho kilichomnyonga, na mengine yote yalikuwa ya kufichia.

Hakimu hakuikataa desturi. Waislamu wamejaa kule, anaijua. Alichouliza ni kijana wa miaka ishirini na mbili alijifunzia wapi kufanya hayo peke yake.

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Wakili wetu mpya ameniandalia hati ya kiapo. Aya sita za mwanzo nilimpa mwenyewe. Ya saba inasema Baba alipofariki nyumbani Tanga, Hamidi alikuwamo chumbani na alinisaidia kumfunga kidevu.

Sikumwambia hivyo.

Baba nilimfunga mimi, kwa mtandio wangu wa shule, maana Mama alikuwa ameishiwa nguvu. Hamidi alikuwa na miaka kumi na miwili. Ninavyokumbuka, alikimbilia kwa jirani, akarudi baada ya maziko.

Kwa hiyo wiki iliyopita nikamwomba wakili amuulize Hamidi gerezani: dada yako alimfunga Baba kwa kitu gani? Nikajiona mjanja.

Jumapili Mama akapiga simu. Habari za watoto, habari za barakoa, kisha, "Hivi mwanangu, ule mtandio wako ulikuwa mweupe au wa buluu?" Nikajibu mweupe, mbio mbio, kama zuzu. Simu ilipokatika ndipo nikashtuka. Miaka yote hii hajawahi kuuliza.

Jana jibu la Hamidi likafika: mtandio mweupe wa shule.

Leo saa tisa mchana nimempigia Mama, Tanga ndiyo kwanza saa mbili asubuhi.

"Shikamoo Mama. Umeongea na wakili?"

"Marahaba. Zaina, mdogo wako yumo ndani mwaka wa nne, nawe wataka kumpeleleza kama askari?"

"Nimeuliza tu, Mama."

"Alikuwepo. Mimi niliyemzaa nasema alikuwepo."

Hakujibu nilichouliza.

Na mimi nina langu, sijamwambia mtu. Wiki moja kabla Salumu hajafa, Hamidi aliniandikia kwamba amemchoka yule mtu, ipo siku watashikana. Niliposikia amekamatwa, niliufuta ujumbe ule. Miaka minne nawaambia watu hapa kwamba Hamidi hawezi hata kuchinja kuku, na kila nikisema, nausikia ujumbe ule kichwani.

Saa kumi nikakaa mbele ya kompyuta kula kiapo. Siku hizi mshuhudiaji anakutazama kwa video. Alikuwa bibi mmoja mpole wa Penrith, kavaa sweta ya zambarau.

"Is all of it true, love?" Yaani, yote ni kweli, mpenzi?

Nikamwambia anisubiri. Nikachukua kalamu, nikaikata aya ya saba, nikatia herufi za kwanza za jina langu pembeni. Juu yake nikaandika kwamba nilimfunga Baba mimi na sikumwona mdogo wangu chumbani. Nikasaini.

Wakili amejibu kwa mstari mmoja: bila aya hiyo, hatuna kitu kipya cha kuwapa majaji. Mama nimempigia mara tatu, hapokei.

Nilichoapa ni kweli, na sijutii kusema kweli. Ila najiuliza, na naogopa jibu: kama ningekuwa namwamini Hamidi, ningeikata?