Viti Hazitoshi

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, Burumba, mpakani na Uganda. Joto la kunata, na mawingu yamejazana upande wa Tororo lakini hayataki kunyesha. Nimekaa kwenye ngazi kwa sababu balkoni yangu siiamini tena.

Acha niseme ukweli hapa, maana huku hakuna wa kunicheka usoni. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua mkate naubonyeza kwanza. Nikipimiwa maharagwe naangalia mikono ya anayepima, si uso wake. Tulipokuwa tunajenga hii nyumba nilimshuku fundi Ekisa tangu siku ya kwanza, na hakuwa amenikosea lolote. Alikuwa mpole mno, basi. Mtu mpole hivyo, nilijiambia, ana lake jambo.

Wiki mbili zilizopita niliona ufa juu ya balkoni, pale sakafu inapokutana na ukuta. Mwembamba kama uzi, lakini umetoka pembe hadi pembe. Nikasema ndiyo hiyo sasa, Ekisa aliniibia vyuma.

Leo asubuhi nilikuwa darasani. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, ila shuleni tuko wachache, kwa hivyo muhula huu nimebandikwa pia somo la ufundi. Mada ilikuwa nguvu na mizigo katika majengo. Nilikata kipande cha godoro kuukuu, nikachora mistari ubavuni kwa kalamu, nikaenda nacho.

Ukikilaza kati ya madawati mawili na kukibonyeza katikati, mistari inaachana upande wa chini. Huko ndiko kunakovutwa, na juu kunagandamizwa. Zege huvumilia kugandamizwa, lakini likivutwa linapasuka, ndiyo maana vyuma huwekwa upande unaovutwa. Hapo sikuwa na shida. Kisha nikabana mwisho mmoja chini ya rundo la vitabu, ule mwingine nikauacha ukining'inia nje ya meza, nikauwekea sanduku la chaki. Safari hii mistari iliachana juu, karibu kabisa na vitabu.

Niliangalia hicho kipande mpaka darasa likaanza kunong'ona.

Kwa sababu hiyo ni balkoni yangu. Imeshikwa upande mmoja tu. Vyuma vyake vinafaa kukaa juu, na ufa wangu uko juu, karibu na ukuta.

Nimefika nyumbani nimewiva kwa hasira. Nimepanda, nimeinama, na ukucha umeingia kwenye ufa. Wiki mbili zilizopita haukuingia. Na pale ukingoni mama ameanika mahindi ya magunia matatu, bado mabichi. Mama alitoka Marachi kuja kukaa nami, na hiyo balkoni ndiyo kitu pekee anachokipenda hapa mjini. Kesho akina mama kumi na wawili wa kanisa wanakuja kumwombea, na amesema watakaa huko juu penye hewa. Wale hawaombi wakiwa wamekaa. Wanaruka.

Nimeshika simu nimwite Ekisa mwizi. Kabla sijapiga, mama ameita kutoka jikoni: "Nekesa! Enda uombe jirani viti. Viti hazitoshi."

Nimeishusha simu.

Maneno hayo hayo niliyasikia hapa nyumbani, siku ya kumwaga slabu, lile zege la balkoni. Ekisa alinijia amevua kofia, akasema, "Madam, viti hazitoshi." Nami nikamjibu, Mungu anisamehe, "Viti havitoshi, fundi. Si hazitoshi." Wafanyakazi wakacheka. Nikaongeza kwamba hapa kwangu kazi hufanywa watu wakiwa wamesimama, watakaa wakimaliza. Akaomba basi nimpe vile vipande vya vyuma vilivyobaki, atengeneze mwenyewe. Ala! Mtu ananyimwa viti anataka vyuma? Vipande nilikuwa nimevifungia stoo, ufunguo kwenye sidiria, maana nilikuwa na hakika vitavushwa kwenda Uganda kwa njia za panya. Nikakataa.

Nimempigia Ekisa. Sikumwita mwizi. Nimemuuliza viti ni nini.

Amejibu, kwa upole wake ule ule, "Ni zile vyuma ndogo tunakunja, madam, zinabeba zile za juu. Zikikuwa kidogo, watu wakikanyaga wakimwaga, za juu zinalala chini."

"Na mbona ulimwaga?"

"Simiti ilikuwa imeshachanganywa. Na wewe ulikuwa umekasirika."

Nimetafuta kosa lake na nimelipata: angekataa kumwaga, hata kama nakasirika. Nimemwambia hivyo. Amekubali bila kubishana, na hilo limeniudhi zaidi. Kwa sababu fundi aliniambia hatari kwa neno la kazi yake, mbele ya watu, nami nikamsahihisha ngeli.

Amesema tushushe mahindi leo leo, mtu asipite chini ya balkoni, na asubuhi atatoka Malaba na magogo ya kuegemeza ukingo. Jumatatu injinia aje aangalie kama tutajenga nguzo mbili chini, za kudumu. Nikiwaza kile kipande cha godoro, naona anachofikiria. Ukingo ukishikwa, balkoni itakuwa imelala kati ya madawati mawili, kuvutwa kutahamia chini, na vyuma viko huko huko chini. Sijui kama vitatosha. Injinia ndiye atasema.

Nimeshusha mahindi kwa karai, kidogo kidogo, peke yangu. Niliogopa kila hatua, nisidanganye. Mama alisimama mlangoni akiuliza, "Kwani balkoni imeanguka?" Nimemwambia maombi yatafanyika sebuleni. Amenuna. Anashuku namwonea haya mbele ya wenzake, na sina wa kulaumu, tabia hii ameninyonyesha mwenyewe. Nimefunga mlango wa balkoni na ufunguo nimeuweka pale pale pa zamani.

Bado sijui nitamwambia nini Ekisa kesho akifika. Pole ni neno dogo, na huenda sina lingine.

Kabla ya kuja kukaa hapa kwenye ngazi nimefungua stoo. Vile vipande viko kwenye kona, vimeshika kutu. Nimevihesabu, maana mimi ni mimi. Viko vyote. Hakuna aliyeiba hata kimoja.